Barua Iliyokuwa Ndani ya Bitana: Wasifu wa Peleg Tinkham, Mpelekaji Barua wa Eastmeadow

Kamati, mna haya nyinyi? Mistari minne! Mtu amepanda farasi miaka thelathini na minne katika matope yenu na theluji yenu, halafu mnamwandikia mistari minne, na huo wa nne ni jina la Shemasi Crane na cheo chake. Nilipoletewa karatasi niliigeuza nyuma nikidhani maneno mengine yako huko. "Kamati inamshukuru kwa kadiri anavyostahili." Kadiri gani hiyo? Nani kaipima, na kwa pishi gani? Mbwa wa nyumba ya wageni alipokufa alisemewa maneno marefu zaidi, na mbwa yule alikuwa mwizi wa kuku.

Basi nimeandika mimi, Zerviah Bisbee, mjane wa Gamaliel. Karani Howland atasoma hapa mbele yenu, naye asiruke neno. Howland ni mtoto wa dada yangu, nimemwogesha, ananijua. Mkisikia neno limekaa upande, kosa ni langu. Nilijifunza kuandika nikiwa tayari mama wa watoto wanne, na aliyenishikisha kalamu ndiye huyu tunayemuaga.

Bwana Peleg Tinkham anaacha kazi leo, Alhamisi, tarehe ishirini na saba Oktoba, mwaka 1803. Alianza Aprili ya mwaka 1769. Kwa muda wote huo amebeba barua kati ya Boston na Eastmeadow mara mbili kwa wiki. Amechosha farasi watano, amevunjika mkono mara moja na mbavu mara mbili, na siku alizokosa kufika nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kidole gumba kikabaki.

Kabla sijaendelea, niliseme wazi lile mnalonong'ona, maana nawaona mnavyotazamana. Wiki tatu zilizopita Simeon Pratt, mshonaji wa matandiko, alipewa ule mkoba wa ngozi wa Peleg autie bitana mpya kwa ajili ya mpelekaji anayekuja. Alipoichana ile ya zamani akakuta barua. Imefungwa, lakiri yake ya nta nzima, na juu yake pameandikwa jina langu. Simeon, badala ya kuvuka barabara aniletee mwenyewe, akampelekea Shemasi. Shemasi akaitisha kamati. Kamati ikaona kwamba mpelekaji aliyeapa kutozuia barua amezuia barua, na kwamba leo, badala ya kukaribishwa kiti, Peleg atasimama katikati ya kanisa, kofia mkononi, toba yake isomwe mbele ya waumini kama inavyosomwa ya walevi na wazinzi. Na yeye, mtu mzima wa miaka sitini na minane, kakubali!

Toba hiyo haisomwi. Nimeichukua mezani kwa Howland na nimewashia nayo jiko. Inayosomwa ni hii. Kaeni vizuri, madawati ni magumu na mimi sina haraka.

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa alipoanza, kwa hiyo hamjui tulivyoishi kabla yake. Barua zilimwagwa juu ya meza kwenye nyumba ya wageni, na kila aliyekuja kunywa mvinyo wa tufaha alizichambua. Aliyeona inayomvutia alifungua, akasoma, akairudishia. Mama yangu alipata habari za harusi ya dada yake kutoka kwa mhunzi. Peleg alipopewa kazi aliapa mbele ya wazee wa kijiji, mkono juu ya Biblia, kwamba hatafungua barua ya mtu, hatampa asiye mwenyewe, na hataizuia. Wiki ya kwanza watu wakamjia.

"Peleg, ile ya jirani yangu inasemaje?"

"Inasema si yako."

Wakamchukia mwezi mzima. Halafu kila mmoja akapata barua yake ambayo haijasomwa na mhunzi, wakaanza kumpenda.

Alikuwa akifuma soksi juu ya farasi. Hili mnalijua, ila mnalisema kwa kucheka. Hatamu aliizungusha kwenye kiwiko, sindano mikononi, uzi wa sufu mfukoni, na farasi anakwenda zake. Wanaume walimzomea kwamba anafanya kazi ya kina bibi. Baridi ya mwaka sabini na tano, vijana wetu walipokuwa kambini wameuzingira mji wa Boston, ni soksi za nani walizovaa? Waliomzomea ndio waliomwandikia kuomba za pili.

Tena soksi zile alizifuma pana makusudi. Jeshi la mfalme lilikuwa limejifungia ndani ya mji, na wapo watu wetu walionaswa humo, akiwemo dada yangu, mama yake Howland. Peleg alipata ruhusa ya kupeleka dawa kwa mgonjwa mmoja. Kwenye kizuizi askari akamtazama miguu.

"Una nini ndani ya soksi hizo, mzee?"

"Miguu, bwana. Yote miwili."

"Mbona minene?"

"Ya baba yangu ilikuwa minene zaidi. Marehemu ilibidi tumzike kwa majeneza mawili."

Askari akacheka, akampisha. Kwenye kila shavu la mguu zilikuwa barua sita. Ya dada yangu ilifika ikinuka jasho la Peleg, na dada aliibusu hivyohivyo.

Farasi wake wa pili, jike aliyeitwa Jerusha, alizoea kusimama kila mlango wenye mpokea barua. Sasa huyo mnyama akawa anasimama kwa Patience, mjane wa nahodha, hata siku ambazo Patience hana barua. Watu wakaanza kuhesabu. Peleg aliposikia yanayosemwa alikwenda kumwoa, akasema hawezi kuacha farasi wake aonekane mwongo. Patience yuko pale dawati la tatu, anatikisa kichwa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nimesema alinishikisha kalamu. Baba yangu alinifundisha kusoma ili nisome Maandiko; kuandika alisema ni kwa wavulana. Gamaliel wangu alikuwa mtunza vitabu wa wafanyabiashara wa meli, mwenye mwandiko kama umechapwa, na mwaka sabini na tisa mjumbe wetu aliyetumwa Ulaya kututafutia marafiki wa vita alitaka karani mwenye mwandiko wa haraka na mdomo mzito. Mdomo wa Gamaliel ulikuwa mzito kuliko jiwe la kusagia. Wakamchukua mwezi Novemba. Mimi nikabaki na watoto, ng'ombe, na barua za mume ambazo niliweza kusoma lakini sikuweza kujibu.

Peleg alikuwa anakaa kizingitini kwangu, karatasi gotini, mimi nasema yeye anaandika. Miezi mitatu hivi. Siku moja aliweka kalamu chini, masikio yamemwiva.

"Bibi Bisbee, kwa heshima yako, mimi nimechoka kumwambia mume wako kwamba nampenda."

"Andika tu, Jirani Tinkham."

"Siandiki. Mwambie mwenyewe. Shika hii."

Akanikatia unyoya wa bata bukini, akanichorea alfabeti kwenye ubao wa mlango kwa mkaa, na kila alipopita alinisahihisha bila kushuka kwenye farasi. "Hiyo es umeiandika kinyumenyume. Hiyo siyo dabliu, hiyo ni kunguru." Barua yangu ya kwanza ilikuwa na maneno kumi na tisa. Gamaliel aliniambia baadaye kwamba aliionyesha kwa mjumbe mwenyewe. Kwa hiyo msinitazame hivyo. Mwandiko wangu umepita mikononi mwa wakubwa.

Halafu kuna ile siku ya kifurushi cha serikali, ambayo Shemasi Crane hapendi itajwe, na ndiyo maana naitaja. Machi ya mwaka themanini meli ilikimbizwa na Waingereza ikajificha kwenye ghuba yetu. Nahodha akashusha kifurushi cha barua kutoka Ulaya kwenda kwa Bunge, kimeshonewa vipande vya madini ya risasi ili kikitupwa baharini kizame kabla adui hajakiokota. Akampa Peleg. Peleg alikuwa ameketi kula maharage kwenye nyumba ya wageni. Crane, ambaye hata ushemasi alikuwa bado, akaingia mbio.

"Kifungueni! Tujue kama tumepata msaada wa meli za vita au hatukupata!"

"Hakina jina lako, Jirani Crane."

"Nchi iko vitani, Tinkham!"

"Ndiyo sababu nakula haraka."

Na kifurushi kiko wapi? Peleg amekikalia. Alikula bakuli zima amekalia mambo ya nje ya nchi, Crane anamzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, halafu akainuka, akakitia kwenye mkoba na kuondoka na theluji ikianguka. Katika mkoba huohuo mlikuwa na barua ya mwanamke mmoja wa hapa akimuuliza mumewe aliye jeshini mbegu za maboga kaziweka wapi. Kifurushi kilifika Boston kesho yake mchana. Barua ya mbegu ilifika kambini siku nne baadaye, na jibu likarudi: ndani ya buti la zamani, juu ya dari. Mwaka ule tulikula maboga.

Sasa nifike kwenye barua yangu.

Kazi ya Gamaliel kule ilikuwa kunakili. Mjumbe akiandika barua moja kwa Bunge, Gamaliel anaiandika mara tatu, kila nakala inapanda meli yake, kwa sababu Waingereza walikuwa wanazidaka meli zetu kama mtu anavyochuma tufaha. Kwa nje, pembeni mwa jina, aliweka alama: mstari mmoja kwa nakala ya kwanza, miwili kwa ya pili, mitatu kwa ya tatu. Akazoea hivyo, hata barua za nyumbani akawa anaziandika tatutatu. Akiuliza kama ng'ombe amezaa, anauliza mara tatu, na ya mwisho inafika ndama ameshachinjwa. Ilikuwa kawaida kupata ya pili bila kuona ya kwanza. Ukipata moja kati ya tatu unashukuru.

Desemba ya mwaka themanini na moja ikaja barua imelowa maji ya bahari. Pembe yake imeliwa na chumvi pamoja na tarehe, alama haionekani. Ndani Gamaliel aliandika kwamba yuko Amsterdam, ameshikwa na homa mbaya ya mji ule, daktari amemwambia aage watu wake, na anatuaga. Niliisoma jikoni mbele ya majirani, maana hapa kwetu barua ya mtu aliye vitani inasomwa kwa sauti. Nilifika katikati nikashindwa, binti yangu akamalizia.

Nikakaa nikisubiri nyingine. Haikuja. Januari, Februari, Machi. Nikaanza kujiambia labda amepona, maana habari za kifo zina haraka. Nikaanza kula.

Aprili ikaja ya pili, ina mistari miwili pembeni. Homa tena, daktari tena, anaaga tena, lakini maneno si yaleyale ya kwanza. Nikasema basi, hii ni nakala ya barua nyingine, ya kwanza yake imezama. Aliugua, akapona, akaugua tena, na safari hii hakuna atakayeinuka mara mbili. Mtu asiyeishi na barua za namna hiyo hawezi kukosea hivyo. Sisi tulikosea hivyo kila siku. Kumbe ilikuwa homa moja, mwezi Agosti, na ile ya pili aliiandika kwa kichwa, joto linamchemsha, hata hakukumbuka ya kwanza ilisemaje. Mimi nilijuaje? Nikalala kitandani siku tisa nikiutazama ukuta. Ng'ombe wangu walikamuliwa na Peleg. Alikuwa anafika alfajiri kabla ya safari, anakamua, anaacha ndoo mlangoni, anaondoka kimya.

Niliinuka kwa sababu ya watoto. Nikavaa nguo nyeusi. Barua zake nyingine zote za mwaka ule zilikwenda kuwasalimu samaki.

Septemba, Boston, mtu wa posta akamkabidhi Peleg barua yenye jina langu. Mistari mitatu. Peleg hajawahi kusoma ndani ya barua ya mtu, lakini nje alizisoma kuliko sisi sote. Aliikumbuka karatasi ileile ya bluu, aliukumbuka mwandiko uliolegea, B ya Bisbee imeanguka kama mlevi kwenye zile mbili za kwanza, na kwenye hii ya tatu imeanguka vilevile. Akaelewa palepale nilichokosa kuelewa mimi mwenye barua: ni ugonjwa mmoja ulioandikwa mara tatu. Lakini alijua pia nitakavyoipokea. Nitasoma anaaga kwa mara ya tatu, na alikuwa ameshaona siku tisa.

Siku ile alipita kwangu hakusimama. Farasi alisimama, Peleg akampiga teke. Nilimwona kwa dirisha nikashangaa, maana Peleg hapigi mnyama.

Kesho yake haikuwa siku ya barua. Alimtandika farasi akarudi Boston, akakaa bandarini siku mbili akiuliza kila meli iliyotoka Uholanzi, mpaka akampata baharia mmoja aliyesema, ndiyo, yule karani mrefu wa Wamarekani asiyeongea, nilimwona Juni hii kwenye gati la Amsterdam, anakula samaki mbichi na kitunguu.

Peleg aliingia uani kwangu anapiga kelele kama mwendawazimu.

"Anakula kitunguu! Bibi Bisbee! Mumeo anakula kitunguu!"

"Nani?"

"Gamaliel! Mwezi Juni! Na samaki mbichi!"

"Gamaliel hali samaki mbichi."

"Sasa anakula!"

Niliivua ile nguo nyeusi hapohapo kwenye ua, nikabaki na ya ndani, na sioni haya kuandika hivyo. Patience alikuwepo, ataapa.

Gamaliel alirudi majira ya kuchipua ya mwaka themanini na nne, mwembamba, anapenda samaki mbichi. Siku moja tunamenya tufaha akaniuliza, "Zile tatu za homa, zote zilifika?" Nikasema mbili. Akasema, "Ajabu. Ile ya tatu nahodha aliniapia kaifikisha posta ya Boston kwa mkono wake." Nikakumbuka lile teke. Nikakumbuka safari ya siku isiyo ya barua. Nikamtazama Gamaliel, naye hakuwa mjinga.

"Mwache," akasema.

Tukamwacha. Gamaliel alikufa mwaka tisini na tano kitandani kwake, ameshikwa mkono, na hakulitaja tena. Mimi nimejua miaka kumi na tisa. Kila Peleg alipopita nilitoka na mkate wa mahindi, naye kila mara aliupokea bila kunitazama usoni. Nilidhani amekwishaichoma.

Jumatatu nilikwenda kwa Shemasi.

"Barua ile ina jina langu. Nipe."

"Bibi Bisbee, ile ni ushahidi wa kiapo kilichovunjwa. Itakaa kwenye sanduku la kamati hadi mtu atubu."

"Yaani umezuia barua ya mtu ili kumwadhibu mtu aliyezuia barua ya mtu?"

Akakohoa. Halafu akasema neno moja ambalo nalijibu hapa hadharani, kwa sababu najua ameshalisambaza. Alisema: "Na kama ndani mlikuwa na habari njema? Kama Gamaliel aliongeza chini kwamba amepona? Tinkham angekuwa amekunyima uhai."

Inawezekana. Gamaliel alikuwa na tabia ya kuongeza mstari chini ya nakala ya tatu wakati meli inasubiri upepo. Sijui kama aliongeza. Lakini Peleg hakulala juu ya barua ile. Alikwenda kunitafutia ukweli kwa miguu ya farasi wake, na siku ya nne niliupata kutoka kinywani mwake, amejaa tope mpaka nyusi. Shemasi, kama wewe ungekuwa mpelekaji ungenikabidhi karatasi, ukaenda kula chakula chako cha mchana, na kiapo chako kingekuwa kizima. Kazi ya barua ni nini, kama siyo kumfikishia mtu habari za mtu wake?

Simwambii mtu kwamba Peleg hakukosea. Alikosea. Siku ile ya kitunguu angetoa barua, akasema, "Na hii pia ni yako." Aliogopa, na kila siku iliyopita woga ukanenepa. Nilimkuta juzi kwenye banda lake, ameketi juu ya ndoo, hajanyoa, hajala.

"Inuka, Peleg."

"Nilizuia barua, jirani."

"Ilikuwa yangu."

"Kiapo hakikuwa chako."

"Kwa nini hukuichoma, ewe mtu?"

Akanitazama kama nimemwambia achome banda na ng'ombe wakiwa ndani. "Kuchoma barua ya mtu?" Halafu akasema polepole, "Kila nilipokuja nilijiambia leo nampa. Halafu wewe unatoka na mkate. Ningekupaje, nawe umeshika mkate? Nimekula mkate wako miaka ishirini na moja na barua yako iko chini ya paja langu."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba unayo, au uliwahi kuwa nayo. Tangu mwaka themanini na nne."

"Na hukusema?"

"Wewe je, ulisema?"

Patience alikuwa mlangoni na kapu la mayai. "Wazee wawili wajinga," akasema, "na mimi nimeolewa na mmoja." Ndipo Peleg akacheka, na kucheka kukageuka kulia, na mimi nikatoka nje nikajifanya natazama kuku.

Sasa nisikilizeni. Mume wangu ana miaka minane kaburini. Nilidhani nimesoma kila neno aliloniandikia; nimezisoma barua zake mpaka mikunjo imechanika. Na kumbe ipo moja bado, lakiri haijaguswa, maneno sijui yanasemaje, mkono wake ukitetemeka kwa ajili yangu. Safari hii haitanilaza siku tisa, maana najua alipona, alirudi, alizeeka, alikoroma. Katika kijiji hiki hakuna mjane mwingine anayesubiri barua ya mumewe leo. Mkamfanye Peleg atubu kwa hilo?

Bwana Tinkham, umetutumikia vizuri. Umetuletea watoto waliozaliwa mbali, wachumba, vifo, mbegu za maboga, na habari ya vita kwisha, ambayo uliipigia kelele tangu kinu cha akina Pratt hadi kanisani mpaka sauti ikakukauka wiki nzima. Mabinti wa kijiji hiki wanajua kuandika kwa sababu ulianza na mama mmoja na mkaa kwenye mlango, na wengine wakaja kunakili mlango wangu. Tunakushukuru, sisi sote, na kamati itake isitake. Ukae na Patience kwa afya, ulale mpaka jua likuchome, ufume soksi ukiwa umeketi kwenye kitu kisichotembea, na asiwepo wa kukuamsha isipokuwa mwenye kukuletea chakula. Na uinue hicho kichwa, nilikuambia juzi pia.

Howland, ukifika hapa weka karatasi chini, usiseme Amina. Shemasi Crane, ufunguo wa sanduku la kamati unaning'inia kwenye mnyororo wa saa yako. Inuka ukafungue. Mpe Peleg barua yangu mkononi mwake, si mkononi mwangu, mbele ya watu hawa wote. Peleg, kazi yako haijaisha mpaka jua lizame. Mimi natangulia nyumbani kusimama mlangoni. Niletee barua yangu.